Boneti Moja, Waksi Mbili

Siku yangu ya kwanza kazini nilikatazwa kugusa rangi ya gari. Foreman wa karakana, mzee mmoja mfupi mwenye sauti ya kuita ngamia, alinipa ndoo, brashi na kitambaa, akanionyesha Landrova ambayo mwenyewe alikuwa amebebea mbuzi mpaka kwenye kiti cha abiria. "Mama Dida," akasema, "kazi yako ni ndani. Viti, zulia, dashibodi. Nje ni ya wanaume." Nikafungua mlango. Weh! Nilichokutana nacho humo ndani sitakisimulia, maana wengine wenu mnasoma haya mkiwa mezani.

Lakini nilikuwa na furaha, haki ya Mungu! Mimi Talaso wa Kiwanjani, hapa Isiolo, mama wa mtoto mmoja, nina kazi ya karakana! Tulikuwa kando ya barabara ya kwenda soko la mifugo. Tulitengeneza magari ya watu, na pia tulikodisha yetu wenyewe, ya harusi na ya safari. Nilisugua viti huku nikiimba, na kila nilipotoa kichwa dirishani niliwaona wanaume wakipaka milango waksi, yaani ile nta ya kulinda rangi ya gari, kisha wakirudi nyuma na kuinamisha kichwa kuangalia walichokifanya. Niliitamani kazi ile vile mtoto anavyotamani sukari.

Viti nilivisugua miaka mingi. Mtoto akaanza shule, akamaliza, mimi bado niko ndani na brashi. Kilichonitoa humo ni homa. Wapakaji wote waliugua wiki moja, na gari nyeusi ya bi harusi inangoja. Foreman alizunguka uwanja akitafuta mtu, akakosa, akaja kusimama mlangoni kwangu.

"Wewe mama huwa unaangalia sana. Umeona nini?"

"Nimeona wanakosea," nikamjibu. Ulimi ndio huu Mungu alinipa, nifanye nini?

Alicheka mpaka akakohoa. "Haya, toka nje, njoo ukosee wewe."

Yule mzee alikuwa mkali, lakini alifundisha kwa roho yote. Jua la Isiolo si mwenzako, alisema. Ukipaka waksi mchana boneti ikiwa moto, inakauka kama uji uliosahaulika kwenye sufuria, na utaikwangua mpaka ulie. Kwa hivyo tulifanya kazi alfajiri, chini ya paa, chuma ikiwa baridi. Ukishaosha gari na kuikausha, unapitisha udongo wa kunasa uchafu, kidonge laini unachokifinyanga kama unga wa chapati. Unaondoa vile vijivumbi vilivyojibandika, ambavyo jicho halivioni lakini mkono unavisikia. Halafu ndio polishi, na waksi inakuja mwisho kabisa. Wengi mpaka leo wanachanganya hivyo viwili. Foreman alikuwa akisema, "Polishi ni kuoga. Waksi ni kujipaka mafuta baada ya kuoga. Sasa wewe unataka kupaka mafuta juu ya jasho?" Polishi inakula rangi kidogo ili kuondoa mikwaruzo. Waksi haili kitu, inakaa juu na kupokea jua, vumbi na kinyesi cha ndege kwa niaba ya rangi.

Ile gari ya bi harusi ilipotoka nje, wanawake waliokuja kuichukua walipiga vigelegele kabla hata hawajaingia ndani. Wakajitazama kwenye mlango na kurekebisha mitandio yao! Nilisimama pale na kitambaa changu begani, nikajua mimi sirudi kwa viti. Na Foreman, mpaka alipostaafu, hakunirudisha.

Alipoondoka, uwanja wa kupaka ulibaki na watu wawili, mimi na Kirimi. Huyu Kirimi ni Mmeru wa Chechelesi. Baba yake alikuwa akileta mbuzi sokoni kila wiki, na yeye alikulia pale pale katikati ya mbuzi na madalali, ndiyo maana anaongea Kiborana karibu kunishinda mimi Mborana. Mtu mpole, mcheshi, na kwa waksi alikuwa kichwa ngumu kabisa.

Yeye alipenda waksi ya dukani. Ile ya chupa, ya maji maji, unayoikuta supamaketi karibu na dawa ya mbu. Inanukia ndizi mbivu. Unaimwaga kwenye kitambaa, unapaka, unapangusa, na kabla chai haijapoa gari inang'aa kama kioo. Mimi nilishikilia waksi ya mafundi, ile iliyokuja kutoka Nairobi kwa mkebe mzito, ngumu kama samli asubuhi ya Julai. Nyingi yake ni karnauba, nta inayokwanguliwa kwenye majani ya mti fulani wa Brazili unaofanana na mnazi. Hii haina huruma. Gari ikiwa chafu kidogo, inakuumbua. Ukipaka nene, unatoka jasho kuiondoa. Unapaka nyembamba kama pumzi, unangoja ifanye ukungu, unapitisha kidole, ukungu ukitoka safi ndio unapangusa. Halafu kesho yake unarudia safu ya pili.

"Mama Dida, unapaka gari au unalea mtoto?" Kirimi alikuwa akinitania. "Kizuri chajiuza. Angalia hii yangu!"

"Hiyo yako ni mafuta ya uso," namwambia. "Ukinawa imeisha."

Basi tukaenda hivyo, kila mtu na magari yake, kelele na kicheko kila asubuhi, mpaka Meneja mpya alipokuja. Alikuwa mtu wa Nairobi, mtaratibu, shati limepigwa pasi. Alitusikiliza tukibishana siku ya kwanza, akatusikiliza ya pili, na siku ya tatu akatuita ofisini.

"Hapa nataka waksi moja, njia moja na msimamizi mmoja," akasema. "Mmoja wenu atasimamia nje. Mwingine atakuwa upande wa ndani, viti na zulia. Kirimi, Mama, sina ubaya na yeyote. Nionyesheni tu ni waksi gani inafaa."

Ndani! Nilijiona na ile ndoo, nimeinama, kichwa chini ya kiti cha dereva, mpaka siku ya kustaafu. Nilitoka pale mdomo umekauka, na mimi si mtu wa kukaukiwa mdomo.

Lakini jaribio lenyewe, jamani! Sijawahi kufurahia kazi kama vile! Tulichukua Landkruza ya kijani kibichi ya karakana, ile iliyokuwa ikizunguka Merti, Kinna na mashamba ya Rapsu. Tukabandika tepu katikati ya boneti, juu ya paa, mpaka nyuma. Upande wa kushoto ukawa wa Kirimi, wa kulia wangu, na tukaapa kuwa hakuna atakayeongeza hata tone mpaka kiangazi kiishe. Tukaiosha pamoja, tukaipitisha udongo pamoja. Kisha kila mtu akapiga magoti upande wake.

Tulipobandua tepu, watu walijaa. Na nitasema ukweli, njia ya mwongo ni fupi. Upande wa Kirimi uling'aa kuliko wangu! Wangu ulikuwa na mng'ao wa ndani, mzito, kama maji ya kisimani. Wake ulikuwa unarusha jua machoni. Waksi ya dukani huwa na mafuta yanayojaza mikwaruzo midogo, kwa hivyo siku ya kwanza kila kitu kinaonekana kipya. Fundi wa magurudumu akamwinua Kirimi mabegani. Mimi nikapiga makofi pia, huku nikiiona ile ndoo.

Kila Landkruza iliporudi safari tulikimbia wote wawili getini kama watoto. Safari ya Merti ilirudi na vumbi upande wa kushoto limeshika kama unga kwenye mkono wenye mafuta, na upande wa kulia linapeperuka ukipuliza tu. Nikacheza palepale! Kirimi akasema upepo ulikuwa unatoka kushoto. Safari ya Rapsu, dereva wetu Ekai alirudi akicheka hawezi kuongea. Alikuwa ameegesha karibu na mfereji wa kumwagilia mashamba, akaenda kununua vitunguu, akarudi akakuta mbuzi wamepanga foleni wakilamba mlango wa kushoto.

"Ile harufu ya ndizi!" nikapiga kelele. "Kirimi, umepaka gari chakula!"

"Mbuzi anajua kitu kizuri," akanijibu, na hakukasirika hata kidogo.

Halafu Ekai, kwa wema wake, akatuambia kwamba baada ya mbuzi kulamba aliona aibu, akaiosha gari yote pale mferejini. Kwa sabuni ya unga. Ya kufulia nguo! Nilishika kichwa. Kirimi naye akashika kichwa. Nyinyi vijana mnaoosha magari kwa sabuni ya unga, nisikilizeni: hiyo sabuni imetengenezwa kutoa mafuta kwenye shati, na itatoa waksi vilevile, iwe ya chupa au ya mkebe. Waksi nyingi za Isiolo hazimalizwi na jua. Zinamalizwa na hiyo sabuni, na maji ya chumvi ya kisima yakiachwa yakaukie juu ya rangi. Lakini hapakuwa na la kufanya, pande zote mbili zilikuwa zimeoshwa sawa.

Kiangazi kilipofika mwisho, Meneja akasema hataki kuhukumu yeye, asije akaambiwa ana upendeleo. Akauliza, ni nani hapa mjini sote tunamwamini? Mimi na Kirimi tulitaja jina moja kwa pamoja: Haji Boru, dalali wa ng'ombe.

Haji alikuja kabla ya adhuhuri, shuka begani, fimbo mkononi. Salaam aleikum, aleikum salaam, habari ya nyumbani, habari ya mvua, yote akayamaliza na kila mtu, na mkono akampa Meneja. Gari ilikuwa imetoka Merti asubuhi ile, vumbi juu mpaka chini, huwezi kujua kushoto wala kulia. Nilitaka kuiosha. Haji akanizuia.

"Ng'ombe haoshwi sokoni, Mama Dida. Mwenye kuosha ana kitu anaficha."

Akachukua pembe ya shuka, akapangusa mahali padogo kwenye mlango wangu, padogo kwenye mlango wa Kirimi. Kisha akafumba macho. Akapitisha mgongo wa mkono, si kiganja, vile wanavyopapasa ngozi ya fahali kujua kama alikunywa maji vizuri. Alienda kulia, akarudi kushoto, akaenda kulia tena. Mafundi waliweka nyundo chini wakaja kutazama.

"Nitasema bei kwa njia ya soko," akasema. "Hawa wawili wote ni watu wangu. Sitaki mmoja aaibike mbele ya watu. Kulia kwanza, kushoto baadaye. Bei ya juu ni tano."

Watu wa hapa wanajua. Sokoni kwetu dalali na mnunuzi hawatangazi bei. Wanashikana mikono chini ya shuka, na vidole ndivyo vinavyoongea. Kidole kimoja ni moja, viwili ni mbili, mkono wote ni tano. Watu mia watasimama hapo na hakuna atakayejua. Haji akamweleza Meneja, Meneja akatingisha kichwa, shuka ikafunika mikono yao. Niliona kitambaa kikisogea, kikatulia, kikasogea, kikatulia, kikasogea tena. Halafu adhana ikalia. Haji akatoa mkono, akachukua fimbo, akaenda zake msikitini bila neno. Uso wake haukusema kitu. Ni dalali, si bure.

Meneja akakohoa. "Bei nimepata. Kulia, mbili. Kushoto, tano. Msimamizi ni Kirimi."

Makofi, mbinja, watu wakamrukia Kirimi. Mimi sikusikia vizuri. Nilikuwa naangalia mlango wangu, pale palipopanguswa, na nilikuwa nauona kabisa ule mng'ao mzito bado upo, na nikasema moyoni, basi, Haji ameona kitu mimi sioni. Sikubisha. Nani anabishana na Haji Boru kuhusu ngozi? Machozi yalikuja na nikayaacha yatoke. Nikageuka kwenda kutafuta ndoo.

"Bwana Meneja," nikasikia sauti ya Kirimi nyuma yangu. "Hebu ngoja. Haji alikushika mara ngapi?"

"Mara tatu," Meneja akasema. "Kwanza alinisalimia, mkono wote. Halafu vidole viwili, kulia. Halafu mkono wote, kushoto."

Kirimi alikuwa amesimama katikati ya watu waliokuwa wanamshangilia, kofia yake imevutwa, mtu amemshika bega. Akauondoa ule mkono begani.

"Chini ya shuka hakuna salamu," akasema. "Salamu alikupa alipofika, hapo nje. Ule mkono wa kwanza ulikuwa bei. Mkono wa mwisho ni wa kufunga biashara, kila dalali hufanya hivyo. Mimi nimekaa kwa hilo soko tangu nikiwa mtoto. Kulia ni tano, Bwana Meneja. Kushoto ni mbili."

Kirimi akaenda kwenye pipa, akachota jagi la maji, akamwaga juu ya boneti, upande wake kwanza. Vumbi likaondoka, na maji yakalala bapa, yakatambaa polepole kama yanatafuta pa kukaa. Akamwaga upande wangu. Subhanallah! Yalijikunja yote, yakawa matone ya mviringo, yakakimbizana mpaka chini, na kijani kikatoka pale kikiwa kikavu, kizito, kizuri! Baada ya Merti, baada ya mbuzi, baada ya sabuni ya kufulia!

"Mimi mwenyewe naona," Kirimi akasema. "Sasa nisemeje?"

Meneja aliangalia mkono wake mwenyewe, akaugeuza, akaanza kucheka. "Kumbe nilikuwa nasalimiwa kwa shilingi!" Akacheka, sote tukacheka, na Haji aliporudi kutoka kuswali na kuambiwa, alilazimika kushikilia Landkruza asianguke. "Kweli ni tano," akasema akipangusa macho. "Kweli ni tano." Nilipiga vigelegele mpaka watu wa sokoni wakadhani kuna harusi.

Basi msimamizi nikawa mimi, na msimamizi ndiye hupanga kazi, au sivyo? Kirimi alisugua viti siku mbili tu. Nilimtoa humo, nikamwekea mkebe mkononi, nikamfundisha kupaka nyembamba kama pumzi. Alilalamika kila asubuhi. Naye alinilazimisha nikubali kuweka chupa zake kwenye rafu, kwa ajili ya magari ya harusi yanayohitajika leo na kurudishwa kesho, na kwa hilo alikuwa na haki. Meneja aliyetaka waksi moja akaishia na mbili, na hakutuuliza tena.

Sasa nimestaafu. Niko Kiwanjani na wajukuu wanaoniita Akko, yaani bibi kwa Kiborana, na kila mwenye gari anasimama getini kuniuliza anunue ipi. Nawajibu hivi. Unataka kung'aa Jumamosi moja, na jua limeshawaka, na huna subira? Nunua ya chupa, usione aibu. Unaenda Merti na kurudi, na unataka rangi ikufikishe mpaka gari izeeke na wewe? Nunua ya mkebe, amka mapema, paka kidogo. Na usidanganywe na neno "ya mafundi" kwenye kibandiko, siku hizi kila mtu anaandika. Mwaga maji, uone yanafanya nini baada ya miezi, si baada ya dakika. Na sabuni ya unga, Akko amesema, ni ya nguo.

Wiki yangu ya mwisho kazini tulikuwa tunapaka gari moja, mimi kulia, Kirimi kushoto kama kawaida, na nikamuuliza swali ambalo miaka yote hiyo nilikuwa naliogopa.

"Kirimi, siku ile Haji alikuwa ameshaenda. Ungenyamaza, nani angejua?"

Alimaliza kwanza mlango wake. Akarudi nyuma, akainamisha kichwa, akaangalia.

"Hakuna," akasema. "Lakini kila asubuhi ningekuona ukiingia kufuta viti."

Niliinama nikaendelea kupangusa pale pale palipokuwa pameshakauka, kwa sababu sikutaka anione nikilia.